Kaya za Zamani Ndani ya Ramani

Ndugu mkulima, leo tuweke jembe chini kidogo, tushike ramani. Ni ile ya kipimo cha 1:50,000, yaani sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Tuchukue ya zamani, ya kabla ya 1971, upande wa Dodoma, nchi ya Wagogo.

Utaona vidoti vyeusi, kimoja hapa, kingine kule, kama mtama uliomwagika. Mgeni atasema hapakuwa na kijiji. Kumbe vile vidoti ni nyumba za watu! Mgogo alijenga nyumba ya tembe yenye paa bapa la udongo, zizi likawa papo hapo, na shamba la mtama au uwele mlangoni. Samadi haikusafiri: ilitoka zizini ikaingia shambani.

Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma. Kaya zikahamishiwa vijijini, nyumba zikapangwa kwa mistari. Shule, zahanati na maji vilikuwa rahisi zaidi kuwafikia watu wakiwa pamoja, hilo tusilikatae. Lakini kwa shamba hesabu ilikuwa nyingine. Zizi limehamia kijijini, shamba la zamani limebaki porini, na nani atabeba samadi kichwani mwendo wote huo?

Haya, shika ramani tutembee. Anza na vitu visivyohama: kilima, korongo. Ile mistari ya kahawia ni kontua. Ikibanana, mteremko ni mkali, ikiachana, ni tambarare. Ukifika penye kidoti usitegemee kuona ukuta, maana tembe likikosa mtu wa kulikarabati hurudi kuwa udongo. Tafuta mbuyu, jiwe la kusagia, vigae vya vyungu, na mahali mazao au majani yanapostawi kupita ya jirani. Mara nyingi hapo ndipo lilipokuwa zizi. Hayo ndiyo mahame, na wazee wengine watakutajia mwenye kaya kabla hujauliza.

Ila kidoti si hati, jamani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilithibitisha ardhi iliyogawiwa wakati wa kuhamia vijijini, kati ya 1970 na 1977. Mjukuu hawezi kuja na karatasi akamwondoa jirani aliyegawiwa shamba palepale. Na ramani haisemi nyumba ilikuwa ya nani. Ukiwa na shauri la mpaka, nenda nayo Baraza la Ardhi la Kijiji, na mzee anayepajua awe pamoja nawe.