Chungu cha Moto Mdogo

Katika zana za jikoni zilizobuniwa katika karne ya ishirini, chache zina asili ya ajabu kama chungu cha umeme kipikacho polepole. Mpishi hutia ndani yake nyama, mboga, viungo na maji kidogo wakati wa asubuhi, akakifunika, akaenda kazini. Arudipo jioni chakula kimeiva. Wauzaji walikitangaza kuwa kitu kipya kabisa. Walakini upya wake ulikuwa katika waya tu. Upishi wenyewe ulizaliwa na sheria ya dini, ukalelewa na umaskini, na umri wake haupungui miaka elfu moja na mia nane.

Taurati inawakataza Wayahudi kuwasha moto siku ya Sabato, nayo Sabato huanza Ijumaa jua likitua hata Jumamosi usiku. Lakini siku hiyo ni siku ya furaha, na ni taabu kufurahi kwa kiporo cha baridi, hasa katika nchi ambayo theluji hulala juu ya mapaa kwa miezi. Ikawa lazima kutafuta njia ya kula chakula cha moto pasipo kuwasha moto. Mishna, mkusanyo wa sheria zao uliokamilishwa karibu na mwaka 200, ina sura nzima juu ya vitu vifaavyo kufunikia chungu kilichokwisha kuepuliwa. Nguo zaruhusiwa, manyoya ya njiwa yaruhusiwa, na unga wa mbao wa seremala pia. Bali mchanga, chumvi, chokaa na makapi ya zeituni vimekatazwa, kwa kuwa vilihesabiwa kuwa huongeza joto badala ya kulihifadhi. Wanasheria wale walikuwa wakifundisha fizikia pasipo kukusudia.

Wayahudi wa Ulaya ya mashariki walikuwa na chakula chao cha Sabato kiitwacho cholent: maharagwe, shayiri, viazi, vitunguu, na kipande cha nyama ikiwa mfuko uliruhusu. Nyama hiyo aghalabu ilikuwa ile ngumu yenye kano, ambayo tajiri hakuitaka. Nyama ya namna hiyo ikipikwa upesi kwa moto mkali hukakamaa. Lakini ikikaa saa nyingi katika mchuzi usiotokota sana, kano zake hulainika zikawa kama ute, zikautia mchuzi uzito na ladha. Ndiyo siri ya supu ya makongoro, na ndiyo siri ya bokoboko la pwani yetu, ambalo ngano na nyama hukaa motoni hata zisitambulikane ipi ni ipi.

Katika mji wa Vilna, ambao leo ni Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, watu walipeleka vyungu vyao kwa mwoka mikate kila Ijumaa alasiri. Tanuri lake lilikuwa limekwisha kazi ya juma, moto umeachwa ufe, lakini matofali yangali na joto jingi. Vyungu vilipangwa ndani, mlango ukafungwa, na siku ya pili, baada ya sala, kila nyumba ikachukua chake.

Tamara Nachumsohn alimsimulia mwanawe Irving juu ya desturi hiyo ya kwao. Irving alizaliwa Marekani mwaka 1902, akawa mhandisi katika Chicago, mtu mwenye akili isiyotulia. Aliona kuwa tanuri lile la mwoka mikate laweza kupunguzwa hata likaenea juu ya meza. Akakiweka chungu ndani ya gamba lenye waya wa umeme, waya ukikizunguka pande zote, ili joto lije taratibu kutoka ubavuni, si kwa ukali kutoka chini. Aliomba hataza mwaka 1936, akapewa Januari 1940. Baadaye alifupisha jina lake likawa Naxon, na chungu akakiuza kwa jina la Naxon Beanery.

Mwezi wa Juni 1941 majeshi ya Hitler yaliingia Vilna. Kabla vita havijaisha, walio wengi katika Wayahudi wa mji ule walikuwa wameuawa, maelfu kwa maelfu katika msitu wa Ponary nje ya mji. Waokaji mikate waliuawa, na wenye vyungu wakauawa. Msomaji na atue kidogo hapa: desturi iliyokuwa mali ya mji mzima ilikatwa kwa miaka mitatu, na ng'ambo ya bahari alama yake ilibaki katika chombo ambacho wanunuzi wake wengi hawakupata kusikia jina la Vilna.

Mwaka 1970 kampuni ya Rival ya Kansas City ilinunua biashara ya Naxon, na mwaka 1971 ikakitoa chungu kile katika maonyesho ya vyombo vya nyumbani mjini Chicago, kwa jina jipya la Crock-Pot. Bahati ilikuwa upande wake. Wanawake wa Marekani walikuwa wakienda kazini kwa wingi kuliko zamani, na mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda, hata kila chombo kitumiacho umeme kidogo kikapendwa. Mwaka 1975 Mabel Hoffman alichapisha kitabu chake cha mapishi ya chungu hicho, nacho kikauzika mno. Matangazo yalisema kwamba chungu kimempunguzia mama kazi. Ni kweli, ila hayakuuliza kwa nini kazi ile ilikuwa yake peke yake.

Moto mdogo una hatari yake pia. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ambayo huvunjwa na maji yachemkayo barabara. Joto la chini ya hapo laweza kuizidisha. Kwa hiyo maharagwe hayo hulowekwa, maji yakamwagwa, kisha yakachemshwa katika maji mapya kwa dakika zisizopungua 10, ndipo yatiwe katika chungu cha polepole.

Wala umeme si sharti. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1867 Mnorwe Johan Sørensen alionyesha sanduku lililozuia joto la sufuria lisitoke, na katika vita viwili vikuu watu wa Ulaya walipika katika masanduku yaliyojazwa nyasi kavu ili kuokoa makaa. Katika Kenya jambo lile lile hufanywa kwa kikapu kilichotandikwa matambara au vitu vingine laini. Githeri huchemshwa kwanza juu ya jiko, kisha sufuria hutiwa kikapuni na kufunikwa kwa mto mzito, ikaendelea kuiva pasipo kuni wala mkaa. Mpishi afunuaye kila mara ili kuonja hupoteza joto lote, naye hulazimika kuirudisha sufuria jikoni.