Kiongozi na Kiti Kitupu

Ukubwa wa kiongozi haujulikani siku aketipo kitini, bali hujulikana siku kiti kinapokuwa kitupu. Na watazamwe watu wawili, mmoja wa kale na mmoja wa zama za karibu.

Iskandar wa Makedonia alitawala tangu mwaka 336 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, naye ni kijana wa miaka 20. Alimshinda Dara, mfalme wa Uajemi, akafika hata Bara Hindi. Mwaka 323 alifariki Babeli kwa maradhi, hajatimiza miaka 33, wala hakuacha mrithi aliyekubaliwa na wote. Mkewe alikuwa mja mzito. Majemadari wake wakaigombea milki kama ngawira. Ptolemaio akashika Misri, Seleuko akashika Babeli, na vita vyao vikadumu yapata miaka 40. Mtoto yule aliyezaliwa yatima aliuawa pamoja na mamaye. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Ilibaki miji, kama Iskandaria, na lugha ya Kiyunani, dola haikubaki.

Julius Nyerere wa Tanzania hakukosa makosa. Siasa ya vijiji iliwahamisha watu wengi kwa nguvu, na uchumi ukadhoofika. Lakini mwaka 1985 aliondoka madarakani kwa hiari yake, akampisha Ali Hassan Mwinyi, na nchi ikabaki moja.

Kwa watu wa Burundi ushahidi u karibu zaidi. Baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, damu ilimwagika miaka mingi. Nyerere akawa msuluhishi, na mwaka 1998 mazungumzo yakafunguliwa Arusha. Tarehe 14 Oktoba 1999 alifariki, na mapatano hayajatiwa saini. Lau kazi ile ingalikuwa ya mtu mmoja, ingalizikwa pamoja naye Butiama. Lakini mahasimu walikuwa wamekwisha zoea kuketi na kusemezana. Nelson Mandela akaishika kazi pale ilipoachwa, na tarehe 28 Agosti 2000 mapatano yakatiwa saini. Vita havikukoma siku ile, ila njia ilikuwa imefunguliwa.

Iskandar aliwashinda adui zake wote, asimwandae wa kumfuata. Nyerere alishindwa katika mengi, lakini kazi yake ilipata wa kuipokea. Basi kila aliyekabidhiwa watu, wawe wengi au wachache, na ajiulize angali hai: akiondoka yeye, usukani utashikwa na nani?