Neno la Kweli Nalo Lina Wakati Wake

Ukiishi na mtu mwenye uchungu moyoni, huenda ukatambua kinachomsumbua kabla yeye mwenyewe hajakitaja. Je, umwambie? Historia ya jiji letu inatufunza jambo hapa.

Tarehe 7 Agosti 1998, Ijumaa asubuhi, bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani, katikati ya Nairobi. Zaidi ya watu 200 walifariki na maelfu wakajeruhiwa. Wengi waliumizwa macho na vioo. Walikuwa wamesikia mlipuko mdogo wa kwanza, wakakimbilia dirishani kutazama, ndipo bomu lenyewe likalipuka.

Majeraha yalishonwa hospitalini, lakini hofu watu walirudi nayo nyumbani. Ndipo mradi wa Operation Recovery, ulioongozwa na daktari wa akili Frank Njenga, ukawapa waathiriwa ushauri nasaha.

Miaka hiyo, katika nchi nyingi, iliaminika kwamba aliyepatwa na janga ahimizwe kusimulia yote mapema, hata kwa kikao kimoja tu. Lakini mwaka 2002, watafiti waliolinganisha tafiti mbalimbali walionyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii maradhi ya akili, na kwamba baadhi ya watu huenda kikawadhuru. Mwaka 2011, Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo mwingine: tazama, sikiliza, unganisha mtu na msaada. Usimlazimishe kusema.

Onyo hilo si geni. Mwaka 1910, daktari Sigmund Freud wa Vienna aliandika kuhusu mwanamke aliyeambiwa ghafla na daktari kijana chanzo cha hofu yake. Hofu ilizidi. Freud akasema kwamba mgonjwa awe kwanza amelikaribia jambo hilo mwenyewe, na awe amemwamini daktari wake.

Mama, ni kama jipu. Ukilikamua likiwa bichi, linaenea.

Basi ufanyeje nyumbani, iwe ni Kangemi, Kawangware au Uthiru? Tuseme mtoto wako ameanza kukojoa kitandani tangu baba aondoke. Usimwambie mbele ya wageni, "Unakojoa kwa sababu ya baba yako." Ngoja mkiwa wawili, ametulia, ameshiba, nawe huna hasira. Anza na unachokiona: "Naona siku hizi hulali vizuri." Nyamaza umsikilize. Akilikaribia jambo mwenyewe, uliza kwa upole: "Au unamkumbuka baba?" Akikataa, usibishane naye. Pengine umekosea, au bado hajawa tayari. Mwambie tu kwamba upo.

Na mtu mzima ni vivyo hivyo. Aliyekwenda dirishani siku ile akapoteza macho hahitaji kuambiwa, "Wewe unajilaumu bure." Mpe nafasi alitamke mwenyewe, kisha mbebe mzigo pamoja.

Lakini kuna jambo moja lisilongoja. Mtu akisema amechoka kuishi, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Usimwache peke yake, na umpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mengine yote yanaweza kungoja mpaka aaminiye afungue mlango. Kazi yako ni kukaa karibu na mlango huo.