Kwa nini mabomba ya bustani hupulizwa hewa kabla ya baridi kali

Hapa kwetu bomba la bustani haligandi. Lakini kama una ndugu Minnesota, Marekani, huenda amekuambia kwamba kila Oktoba hupuliza hewa kwenye mabomba ya kumwagilia nyasi. Tueleze sababu.

Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Yakiwa yamebanwa ndani ya bomba, hulipasua. Ufa huonekana barafu ikishayeyuka na maji kufunguliwa tena.

Kwanza hufungwa koki kuu. Kompresa huunganishwa mbele ya koki hiyo, kisha laini hufunguliwa moja moja, kuanzia iliyo mbali zaidi. Hewa hupulizwa kwa muda mfupi, isizidi dakika mbili, mpaka maji yakome kutoka.

Hatari iko kwenye presha. Tairi la gari dogo hujazwa takriban PSI 30. Bomba laini la plastiki lisizidi 50, na la plastiki ngumu 80. Ikizidi, kipande kinaweza kurushwa na kuumiza jicho.

Tunasisitiza: mwambie ndugu yako avae miwani ya kazi na asiinamie bomba lenye hewa.