Ngano, Kura na Benki ya Umma: Wakulima wa North Dakota, 1915 hadi leo

Jimbo la North Dakota, kaskazini mwa Marekani, linahesabiwa miongoni mwa ngome za uhakika za Chama cha Republican. Mwaka 2020 Donald Trump alipata asilimia 65 ya kura zake, na tangu uchaguzi wa 1992 hakuna gavana aliyetoka chama kingine. Jimbo hilo hilo ndilo pekee nchini humo lenye benki inayomilikiwa na serikali ya jimbo, na kinu chake kikubwa cha unga huko Grand Forks ni mali ya umma mpaka sasa. Benki na kinu hicho vilianzishwa na wakulima ambao wapinzani wao waliwaita wasoshalisti na wasaliti wa taifa.

Jimbo liliundwa mwaka 1889, juu ya ardhi ya Wamandan, Wahidatsa, Waarikara, Wadakota na Waojibwe. Waliohamia humo, wengi wao Wanorwe na Wajerumani waliotoka Urusi, walilima ngano. Mkulima alikuwa na zao moja la kumpa fedha, na njia ya zao hilo kufika sokoni ilikuwa mikononi mwa watu wasioishi jimboni. Maghala mengi ya kando ya reli yalikuwa ya makampuni ya Minneapolis. Reli zenyewe, Northern Pacific na Great Northern, zilikuwa na makao St. Paul. Alipofikisha ngano ghalani, mkulima alimkuta karani wa mnunuzi ndiye mwenye mizani, ndiye anayekata uzito wa takataka, na ndiye anayepanga daraja. Edwin Ladd, mkemia wa chuo cha kilimo cha Fargo, alisaga ngano ya madaraja ya chini, ile iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa, akaonyesha kwamba inatoa unga mzuri. Malalamiko ya vijijini yakapata ushahidi wa maabara.

Wakulima walianza kwa njia ya kawaida ya kisheria. Mara mbili, mwaka 1912 na 1914, wapiga kura waliidhinisha jimbo lijenge ghala lake kuu la nafaka. Mwaka 1915 bunge la jimbo likakataa. Zikaenea habari kwamba mbunge Treadwell Twichell aliwaambia wakulima waliokwenda kulalamika mjini Bismarck warudi nyumbani wakalishe nguruwe. Mwenyewe alikana kusema hivyo, lakini vijijini watu waliamini, kwa sababu maneno hayo yalifanana sana na walivyotendewa.

Hapo ndipo anapoingia Arthur C. Townley. Alikuwa amelima kitani kwa wingi karibu na mji wa Beach, bei ikaporomoka mwaka 1912, akafilisika na kubaki na madeni makubwa. Baadaye akawa mhamasishaji wa Chama cha Kisoshalisti, na huko aliona jambo lililomfikirisha: wakulima walizikubali hoja za chama, ila hawakutaka kuitwa wasoshalisti. Kwa hiyo katika majira ya baridi ya 1915 aliacha jina, akabaki na hoja. Akianzia Deering, kwa mkulima Fred Wood, alianza kuandikisha wanachama wa Nonpartisan League, umoja wa wakulima usio wa chama chochote. Programu yake ilikuwa fupi: maghala, vinu na viwanda vya nyama vya umma, ukaguzi wa haki wa nafaka, bima ya mvua ya mawe, na benki zinazokopesha kwa gharama halisi.

Namna walivyofanya kazi inastahili kuangaliwa kwa makini, maana hapa ndipo ulipo ustadi wao. Wahamasishaji walipewa magari ya Ford na kupelekwa shamba kwa shamba. Mara nyingi waliandamana na mkulima wa eneo lile anayeheshimiwa na majirani, ili mgeni asibishe hodi peke yake. Townley aliwafundisha kumsikiliza mtu kwanza, wajue kinachomgusa, ndipo waingie kwenye siasa. Ada haikuwa ndogo. Ilianza na dola 2.50, ikapanda hadi 6, kisha 9, na baadaye dola 16 kwa miaka miwili. Asiye na fedha taslimu aliandika hundi ya tarehe ya mbele, ilipwe baada ya mavuno. Mtu aliyetoa kiasi hicho hakukosa mkutano, na gazeti lao, lililoanza Septemba 1915, alilisoma kama mmoja wa wenye mali.

Hawakusajili chama kipya. Sheria iliruhusu uchaguzi wa mchujo ambamo wapiga kura wenyewe huteua wagombea wa chama, na katika jimbo lile aliyeshinda mchujo wa Republican alikuwa ameshinda karibu kila kitu. Umoja ukaingia kwenye mchujo huo na wagombea wake. Februari 1916 wanachama walikutana katika maeneo yao kuchagua wajumbe, na wajumbe wakamteua Lynn Frazier, mkulima wa Hoople aliyesoma Chuo Kikuu cha North Dakota na ambaye siasa za jimbo hazikumjua. Novemba alichaguliwa gavana kwa takriban asilimia 79 ya kura.

Baada ya uchaguzi wa 1918 mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo yalikuwa mikononi mwao, na mwaka 1919 wakatunga sheria kwa kasi: kodi ya mapato inayopanda kwa kadiri ya kipato, fidia kwa wafanyakazi, bima ya mvua ya mawe, kinu na ghala la umma. Benki ya North Dakota ilifunguliwa 28 Julai 1919 kwa mtaji wa dola milioni 2. Wapinzani walikwenda mahakamani, na mwaka 1920 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba jimbo lina haki ya kuendesha shughuli hizo.

Lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimewapa wapinzani silaha. Umoja ulitaka matajiri wachangie gharama za vita, na kwa hilo ukaitwa kibaraka wa Ujerumani. Minnesota, ambako ulikuwa umeenea, mikutano yake ilivunjwa na makundi ya watu, na Townley alihukumiwa kifungo cha siku 90. Bei ya ngano ikaanguka mwaka 1920. Makampuni ya fedha hayakutaka kununua hati za mkopo za jimbo. Tarehe 28 Oktoba 1921 wapiga kura walimwondoa Frazier madarakani, gavana wa kwanza wa Marekani kuondolewa hivyo, kwa tofauti ya kura zipatazo 4,000. Utaratibu huo wa kumwondoa kiongozi, Umoja wenyewe ulikuwa umeunga mkono uingizwe kwenye katiba mwaka mmoja tu kabla.

Siku hiyo hiyo wananchi waliulizwa pia kama benki ivunjwe. Walikataa. Kwangu mimi kura hiyo ya pili ndiyo yenye uzito zaidi katika historia yote hii: watu walichoka na viongozi, wakalinda chombo. Ragnvald Nestos, aliyechukua kiti kwa niaba ya wapinzani, ndiye aliyekuwa gavana kinu cha Grand Forks kilipofunguliwa Oktoba 1922. Mwaka huo huo Frazier alichaguliwa seneta, akakaa Washington hadi 1941.

Wapo wanaosimulia habari hizi kama ngano ya mashujaa, nami sikubaliani nao. Townley alishika fedha na maamuzi mikononi mwake mno, na umoja wa wakulima ukaendeshwa kwa amri kutoka juu. Haki walizozidai, mizani ya kweli na mkopo wa haki, hazikuwahusu wenyeji wa asili walionyang'anywa ardhi ile. Hao hawakupata uraia wote hadi 1924. Wanawake, hata hivyo, walijitengenezea nafasi. Minnie Craig, aliyeingia bungeni kupitia Umoja, mwaka 1933 alikuwa mwanamke wa kwanza Marekani kuwa spika wa bunge la jimbo.

Mwaka 1932 wapiga kura walipitisha sheria ya kuzuia makampuni kumiliki mashamba. Mwaka 1956 Umoja uliungana na chama cha Democratic, na mpaka leo jina lake limo ndani ya jina la chama hicho jimboni. Benki haikushindana na benki ndogo za miji. Ilikopesha pamoja nazo, na sehemu ya faida yake huingia hazina ya jimbo. Magavana wa Republican wameirithi mmoja baada ya mwingine bila kuiuza.

Mwaka 2015 bunge lililegeza sheria ya mashamba kwa ajili ya makampuni ya maziwa na nguruwe. Chama cha wakulima kikakusanya saini, na Juni 2016 asilimia 76 ya wapiga kura waliifuta hatua hiyo. Novemba ya mwaka huo asilimia 63 wakampigia Trump. Miaka saba baadaye, mwaka 2023, bunge liliilegeza tena kwa ajili ya wafugaji, na safari hii haikupelekwa kwa wapiga kura.