Ruhusa ya Kwenda Ziwani

Kwa miaka mingi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Mbinga, na kila asubuhi nilianza kazi kwa kuita majina. Aliyeitika nilimwekea alama ya vema. Aliyenyamaza nilimwandika mtoro. Leo, nikiwa mstaafu, ninatambua kwamba chini ya neno hilo moja niliwaweka watoto wa namna mbalimbali. Walikuwamo wazururaji, walikuwamo waliobaki shambani kuchuma kahawa, na walikuwamo wale waliochukuliwa na wazazi wao, shule ikiwa wazi, kwenda kuwaona ndugu zao ziwani. Ninataka kuzungumza habari za hao wa mwisho, kwa sababu mimi mwenyewe nilipata kuwa mmoja wao.

Baba yangu alikuwa Mmatengo, mkulima wa kahawa. Mama alizaliwa pwani ya Ziwa Nyasa, karibu na Liuli. Katika miaka ya 1960 hapakuwa na njia rahisi ya kutoka kwetu milimani kwenda huko. Tulitelemka kwa miguu, mama akiwa na kikapu cha maharage kichwani, sisi watoto tukimfuata na vifurushi vyetu, tukalala njiani kwa watu. Safari hiyo hatukuiita likizo. Tulisema tu kwamba tunakwenda kwa bibi. Lakini tulikaa wiki mbili, tukaoga ziwani, tukala dagaa na samaki waitwao mbasa, tukajifunza kutega ndoano, na jioni tukasikiliza majina ya wazee wa ukoo mpaka usingizi ukatuchukua. Maharage ya mama yaligeuka dagaa wakavu wa kurudi nao nyumbani. Kama hiyo haikuwa likizo, basi sijui likizo ni nini.

Tulikuwa tukienda mwezi wa Agosti au Septemba, na sababu yake ilikuwa kahawa. Zao hilo liliingia Umatengo katika miaka ya 1920, na tangu hapo ndilo lililoamua lini nyumba ina fedha na lini haina. Kahawa yetu huanza kuiva mwezi wa Juni, na uchumaji huendelea mpaka Septemba, pengine na zaidi. Kabla ya hapo yapo majaruba ya ngoro, yale mashimo yetu ya kulima mlimani, ambayo nyasi zake hufyekwa na kufukiwa kati ya Februari na Machi ili maharage yapandwe. Mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka ni zamu ya mahindi, na njia za kutelemkia ziwani huwa utelezi mtupu. Ukiutazama mwaka huo vizuri, utaona kwamba nafasi ya mama kwenda kumwona mama yake ilikuwa moja tu: kiangazi, kahawa ya kwanza ikiisha kuuzwa. Na kiangazi hicho shule ilikuwa wazi.

Basi kalenda ya shule ilitoka wapi? Ilikuja na walioleta shule. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Upande wa ziwa, Waanglikana wa UMCA walikuwa na makao yao katika kisiwa cha Likoma tangu 1885, na kutoka huko walivuka kufungua shule katika vijiji vya pwani yetu. Watu hao walitupa kusoma na kuandika, na siwezi kuwasahau kwa hilo. Lakini mwaka wao ulikuwa na nguzo zake, Krismasi na Pasaka, na serikali ya Waingereza ikaongeza zake. Hakuna aliyekaa na mama yangu kumwuliza kahawa huiva lini.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka mtoto wa shule asitenganishwe na jamaa yake wala na kazi za kijiji. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, na Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 ikafanya kuandikishwa na kuhudhuria kuwa lazima. Mzazi asiyetimiza akawa mkosaji mbele ya sheria. Mambo yote mawili yalikuwa mema. Lakini lile la kwanza lilimwambia mtoto, usiiache nyumba yako, na hili la pili likamwambia, usiache dawati lako. Aliyepaswa kuyapatanisha, asubuhi kwa asubuhi, alikuwa mwalimu mwenye daftari mkononi.

Mimi sikuyapatanisha. Nilichagua dawati, na nilikuwa na sababu. Mwaka 1980 mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la saba. Mwezi wa Agosti mama alimchukua kwenda ziwani kwa juma moja, maana mama mdogo alikuwa amejifungua. Juma likawa majuma matano. Alikuwapo mtoto wa kubeba, yalikuwapo maji ya kuteka na muhogo wa kutwanga. Binti aliporudi, wenzake walikuwa wamekwisha kurudia masomo yote na mtihani ulikuwa mlangoni. Hakuchaguliwa. Siwezi kuapa kwamba angalifaulu, kwani nafasi za sekondari siku zile zilikuwa chache mno. Hata hivyo, yeye mwenyewe hajaacha kuyahesabu majuma yale matano. Nami nimekuja kuona jambo ambalo ujana ulinificha: sisi wavulana tulipopelekwa kwa bibi tulikwenda kutembea, na siku ya kurudi ilijulikana. Yeye alikwenda kufanya kazi, na siku ya kurudi haikujulikana.

Kwa hiyo nilikuwa mwalimu mkali. Mzazi aliyekuja kuniomba ruhusa nilimjibu kwamba shule si sokoni. Mwaka 1989 mama yangu, ambaye baada ya baba kufariki alikuwa amerudi kuishi kwao ziwani, aliniletea ujumbe kwa mdomo wa mtu: "Mwambieni Mwalimu aniletee mjukuu wangu nimwone." Ilikuwa Septemba. Binti yangu alikuwa darasa la tatu, hana mtihani wowote wa maana mbele yake. Mke wangu aliniambia, "Baba, mama hatumi maneno bure. Mpeleke mtoto." Nikasema tungojee Desemba, shule zikifungwa, kwani watu wangesemaje wakimwona mtoto wa mwalimu anakosa shule? Mama alifariki mwezi wa Oktoba. Katika daftari la mwaka ule, mbele ya jina la binti yangu, ni vema tupu tangu Januari hadi Desemba, isipokuwa zile siku chache za msiba.

Nilidhani kwamba taabu hii ni ya kwetu tu, ya nchi maskini zenye kalenda ya kuazima. Sivyo. Huko Uingereza, familia za mashariki ya London zilikuwa zikienda Kent kila Septemba kuchuma hopsi, mmea unaotiwa katika bia, na watoto wao walichelewa kurudi shuleni. Kwa wengi wao hiyo ndiyo ilikuwa likizo pekee. Uskochi, mapumziko ya Oktoba bado huitwa na watu likizo ya viazi. Na si zamani, mwaka 2015, baba mmoja wa kisiwa cha Wight alimpeleka binti yake Florida kwa siku saba za shule. Akatozwa faini ya pauni 60, ikawa 120 alipokataa kulipa. Mahakama za chini zilimpa haki, lakini Aprili 2017 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba kuhudhuria inavyopasa ni kuhudhuria kwa kufuata kanuni za shule, si kwa hesabu ya mzazi.

Ninawaelewa mahakimu wale. Darasa haliwezi kwenda mbele iwapo kila nyumba ina kalenda yake. Lakini ninamwelewa na mzazi, hasa yule ambaye safari yake si ya anasa, ila ni ya kumpeleka mtoto kwa watu wake kabla hawajaondoka duniani.

Katika miaka yangu ya mwisho ya kazi niliongeza neno la pili katika daftari langu. Mzazi aliyetaka kumchukua mtoto alikuja mwenyewe, akaketi, akaniambia wanakwenda wapi na watarudi lini, nami nikaandika ruhusa pamoja na tarehe ya kurudi. Kama ni binti, niliuliza swali moja zaidi: huko aendako kuna mtoto mchanga? Wazazi wengine walicheka, wengine walikasirika. Mtoto wa darasa la saba sikumpa ruhusa, isipokuwa kwa msiba. Wengi walirudi siku waliyosema. Wachache hawakurudi, na hao niliwafuata.

Siku hizi barabara ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni ya lami, na tangu mwaka 2012 pwani yetu ni wilaya yake yenyewe, Wilaya ya Nyasa. Mtu anaweza kumpeleka mtoto kwa bibi yake Jumamosi na Jumapili jioni akamrudisha. Kwa hiyo udhuru wa mzazi umepungua, na udhuru wa mwalimu wa kukataa umepungua pia. Mdogo wangu anaishi karibu nami, na wajukuu wake wote wanasoma. Mwaka jana mmoja wao aliitwa ziwani katikati ya muhula. Bibi yake alikuja kwangu kuniuliza, kama kwamba mimi bado ni mwalimu. Nikamwuliza anarudi lini. Akasema, "Jumatano, kaka. Nitakwenda naye mimi, na nitamrudisha mimi." Wakaenda, na Jumatano wakarudi.