Bedford ya nkambo na motere ya Isuzu



Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye chuo aliona picha ya kamyo yetu ya Kiambi akaniuliza: "Sasa nyinyi kwa nini munatengeneza-tengeneza tu vitu vya zamani? Si muuze hiyo chuma, mununue Fuso?" Kabla sijajibu, mwingine akadakia: "Ni umaskini, nini ingine?" Tukacheka wote. Umaskini ni jibu la kweli, sikatai. Ila ni jibu fupi mno. Halielezi kwa nini kamyo ni Bedford, kwa nini motere iliyomo ndani leo ni ya Isuzu, na kwa nini siku moja shangazi yangu alivunjika mguu kwa sababu ya alternata. Ndiyo nikaona niandike.

Kwa ambao hawajafika kwetu: Kiambi iko kando ya mto Luvua, jimbo la Tanganyika. Luvua inatoka ziwa Mweru, inashuka kwa maporomoko na mawe mengi, halafu ikifika Kiambi inatulia. Kuanzia hapo chombo kisichozama sana kinaweza kusafiri kilomita kama 160 mpaka Ankoro, Luvua inapoingia Lualaba, na ukifuata Lualaba unafika Kabalo, kwenye reli ya kwenda Kalemie. Upande wa juu, kwenye maporomoko ya Piana Mwanga, Wabelgiji walijenga kituo cha umeme kwa ajili ya migodi ya bati ya Manono, iliyokuwa ya kampuni ya Géomines. Mto na umeme, hesabu yake ilipigwa kwa ajili ya bati. Mahindi, karanga na mihogo ya mkulima hayakuwa kwenye hesabu hiyo. Yalisubiri barabara, na kwenye barabara yalisubiri kamyo.

Na kamyo yenyewe, kitu cha kwanza inachouliza ni mafuta. Watu wanadhani kuhangaika na mafuta kumeanza juzi. Mwaka 1937 profesa Chavanne wa chuo kikuu cha Brussels alipewa hataza ya kugeuza mafuta ya mawese yawe mafuta ya gari, na mwaka 1938 basi moja lilijaribiwa nayo kati ya Brussels na Louvain. Mawese hayo waliyokuwa wanayawaza ni ya Congo. Leo dunia inaita kitu hicho biodizeli na inajisifu. Basi ukiniambia kwamba kubadilisha kinachosukuma kamyo ni tabia ya watu wa kijijini, nakuambia soma tena.

Sasa tuje kwa Bedford. Zilikuwa kamyo za Uingereza, lakini kampuni yenyewe ilikuwa mali ya General Motors ya Marekani. Ya nkambo ni ile ya boneti ndefu mbele, aina ya J iliyoanza kuuzwa mwaka 1958. Ilikuja na silinda sita za esanse. Wazee wanasema ukiiwasha asubuhi, kijiji kizima kinajua nani anasafiri. Ilikunywa esanse kama ng'ombe kwenye mto, lakini wakati huo esanse haikuwa na bei ya kutisha.

Nkambo aliinunua mwaka 1974, kwa mfanyabiashara Mgiriki aliyekuwa anafunga virago. Mwaka huo si wa bahati mbaya tu. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianizasyo: maduka, mashamba na biashara za wageni zipewe Wazaire. Wengi waliopewa walikuwa watu wenye jamaa wakubwa serikalini. Nkambo hakuwa na jamaa mkubwa popote. Yeye alinunua kwa pesa yake ya karanga kile ambacho mwenyewe aliona bora akiuze kabla hakijachukuliwa. Nyumbani tulizoea kusimulia hiyo kama ushindi. Mimi nikiwa chuo, nikisoma historia ya uchumi, ndipo nilipoona upande wa pili: alinunua kamyo ya esanse miezi michache tu baada ya Oktoba 1973, wakati nchi za Waarabu zilipofunga bomba na bei ya mafuta duniani ikapanda karibu mara nne. Na kabla mwaka 1974 haujaisha, bei ya shaba ikaanguka kwa kiasi cha nusu. Shaba ndiyo ilikuwa inailetea Zaire pesa ya kigeni, na pesa ya kigeni ndiyo inanunua piesi. Yaani mzee wetu alipata mali yake siku ileile mali hiyo ilipoanza kuwa mzigo. Hakuna aliyemwambia. Nani angemwambia?

Kuanzia hapo ikawa ni kushona viraka. Kabureta ya gari lingine, radieta ya kuchomelewa, lame za springi zilizokatwa kutoka kamyo iliyokufa. Mwaka 1985 soko la bati duniani likaporomoka, na Manono, mahali ambapo ungepata fundi mzuri na chuma kizuri, ikazidi kupoa. Kule Uingereza nako mambo hayakuwa mazuri: mwaka 1986 General Motors ilitangaza inaachana na kamyo kubwa za Bedford, kiwanda kikauzwa mwaka 1987, na mwaka 1992 kampuni iliyonunua ikafilisika. Kwa hiyo hata ungekuwa na dola mfukoni, piesi mpya ya Bedford ilikuwa inakwisha duniani. Nenda Pakistan utaona kwamba si sisi peke yetu: huko Bedford za zamani zimeishi miaka na miaka, zimepakwa rangi kama bibi harusi, na mafundi wakazitia motere za Kijapani. Hawakupigiana simu na Kiambi. Tatizo lilikuwa moja tu.

Halafu vita vya 1998. Sitaeleza vita hapa, kila mmoja wenu ana vyake. Nitasema tu habari ya kamyo. Kila jeshi lililopita lilitaka gari linalotembea. Baba na ndugu zake wakaifanya isitembee: wakatoa magurudumu, wakatoa kabureta na betri, wakaiacha juu ya magogo katikati ya mihogo, majani yakaifunika. Iliokoka. Lakini mvua iliingia kwenye silinda kupitia pale kabureta ilipokuwa, msimu baada ya msimu. Tulipoirudia baada ya vita, motere ilikuwa imekuwa kipande kimoja cha kutu. Miaka hiyo mahindi yote yalitoka Kiambi kwa kinga, vijana wanasukuma baiskeli zenye magunia kama punda, siku kwa siku. Nimesukuma pia, kidogo. Sitaki kusukuma tena.

Motere mpya, yaani ya okazyo, ilitoka Dar es Salaam. Ilipanda treni hadi Kigoma, ikavuka ziwa hadi Kalemie, ikaja kwetu juu ya kamyo ya watu. Isuzu 4BD1: silinda nne, lita 3.9, mazuti. Kwa nini hiyo? Sababu ya kwanza, mazuti. Lita moja ya mazuti ina nishati zaidi ya asilimia 10 kuliko lita ya esanse, na motere ya mazuti inaitumia vizuri zaidi. Mahali ambapo unabeba mafuta yako mwenyewe kwenye pipa, hiyo si hesabu ndogo. Sababu ya pili, piesi zake zinapatikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Na hapa historia inachekesha: General Motors, mama wa Bedford, ilinunua asilimia 34 ya Isuzu mwaka 1971. Kiwanda chake cha Nairobi, kilichoanza kuunganisha magari mwaka 1977, kilitengeneza Bedford na Isuzu pia, na leo, tangu 2017, kinaitwa Isuzu East Africa. Kwa hiyo ndoa ya Bedford na Isuzu ilifungwa na wakubwa kwanza. Sisi tuliirudia tu chini ya mwembe, kwa mashine ya kuchomelea.

Kuitia si kazi ya siku moja. Vishikio vya motere vilichomelewa upya. Bwate ya gia ikaja pamoja na motere yake, hivyo shafti ya nyuma ikakatwa. Isuzu ile ilitoka kwenye gari la usukani wa kulia, wakati Congo tunaendesha upande mwingine, basi bomba la moshi likagombana na usukani mpaka likakunjwa. Yote hayo yalifanywa vizuri, kwenye garaji moja ambayo sitaitaja. Kamyo ikawaka. Baba mdogo alilia, na yeye si mtu wa kulia.

Tatizo lilikuwa dogo sana. Umeme wa Bedford ni volti 12. Isuzu ile ya Japani ilikuwa ya volti 24. Ukiacha alternata yake, unaunguza taa zote, unahitaji betri mbili, waya mpya. Fundi akaona njia ya mkato: akatoa alternata ya Isuzu, akaweka ya kawaida ya volti 12. Taa zikawaka vizuri. Sisi tukamsifu.

Ndugu zangu, hebu nieleze hili polepole, kwa sababu nimegundua hata wenzetu waliosoma ufundi hawalijui wote. Motere ya esanse ina kizuizi kinachobana hewa inayoingia. Kwa kuwa hewa inabanwa, ndani yake kunakuwa na mvuto, na kwenye kamyo kama Bedford mvuto huo hupitishwa kwa bomba hadi kwenye kisaidizi cha freni. Mguu wako unakanyaga kidogo, mvuto unamalizia kazi. Motere ya mazuti haina kizuizi hicho. Hewa inaingia wazi, mvuto hakuna. Wajapani walilijua hilo, ndiyo maana waliweka pampu ndogo ya kuvuta hewa. Na waliiweka wapi? Mgongoni mwa alternata.

Fundi alipotoa alternata, alitoa pampu. Freni ya kamyo ya tani nyingi ikabaki na nguvu ya mguu wa mtu peke yake.

Ikiwa tupu hukuweza kujua. Tuliijaribu uwanjani, ikasimama. Safari ya kwanza na mzigo ndiyo ilisema ukweli: magunia ya mahindi hadi juu, watu juu ya magunia kama kawaida yetu, mteremko mrefu. Shofere alipiga kelele, "Pedali imekuwa jiwe!" Alirudisha gia, motere ikalia, kamyo ikaendelea. Freni ya mkono ilikuwa mapambo. Mwisho akafanya alichoweza, akaipeleka kwenye kichuguu. Mnavijua vichuguu vyetu vya huku, vinazidi nyumba. Kikaisimamisha. Hakufa mtu. Shangazi alianguka kutoka juu ya magunia, mguu wa kulia ukavunjika mara mbili, na mpaka leo anachechemea.

Kwa wiki nzima watu walisema ni mzimu wa nkambo haukutaka motere ya wageni. Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana ya reli. Alizunguka kamyo, hakugusa kitu, akauliza swali moja: "Alternata ya kwanza munaiweka wapi?" Tulikuwa tumeiacha garajini, na garaji ilikuwa imeiuza. Pampu ya kutenga, inayozungushwa na mkanda, tuliipata baada ya miezi. Kamyo ikakaa miezi hiyo yote.

Mimi namlaumu fundi? Kidogo. Zaidi nalaumu namna tulivyozoea kuona gari: motere ndiyo gari, mengine ni mbao na bati. Tulifurahia nguvu mpya, tukasahau kwamba freni, ponti na magurudumu vilitengenezwa na watu wa mwaka 1958 wakiwa wanafikiria motere fulani. Ukibadilisha kimoja, uliza kila kilichokuwa kinakitegemea. Mpaka leo nyumbani kuna ubishi. Baba mdogo anataka tutie na ponti za Kijapani mbele na nyuma, na freni zake nzima, na mimi niko upande wake. Baba anasema tukifanya hivyo itabaki Bedford ya jina na boneti tu, na nkambo hakununua boneti. Ubishi haujaisha, pesa pia haijapatikana.

Wakati tunasubiri, kuna kitu shofere anafanya kila asubuhi, mzee yule alimfundisha. Motere ikiwa imezimwa, anakanyaga freni mara nyingi mpaka pedali inakuwa ngumu. Anaacha mguu palepale, anawasha. Pampu ikiwa nzima, pedali inashuka kidogo chini ya mguu wake. Isiposhuka, hakuna safari. Shangazi huja na fimbo yake, anasimama karibu na mlango, anauliza: "Imeshuka?" Akisikia ndiyo, anaomba asaidiwe kupanda. Anakaa mbele siku hizi, pamoja na shofere, si juu ya magunia.